Nguzo Nyuma ya Jiko

Jumatatu, 6 Novemba

Kidoti ametumbukiza filimbi ya ofisi ndani ya chai ya bibi yake. Ni sasa hivi, hata wino wa tarehe haujakauka. Bibi hakuona. Akainua kikombe, akavuta, chai ikapiga mluzi. Kidoti akapiga makofi. Mama mkwe akaweka kikombe chini. Alinitazama tu, kama vile mimi ndiye niliyemzaa huyu mtoto. Na kweli ni mimi.

Filimbi nimeiokoa. Nimeifuta kwa nguo. Bado inalia, ila ina sukari.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi! Kuanzia leo mimi ni msoma mto. Yule bwana wa ofisi ya maji, ambaye sote tunamwita Bwana Maji, ametuletea nguzo ndefu ya mbao yenye namba, sifuri chini mpaka tano juu. Ameisimamisha kule chini mtoni, karibu na mahali pa kufulia. Kazi ni kuisoma asubuhi na jioni, kuandika kwenye daftari, na kumpa taarifa mwenyekiti wa mtaa. Maji yakifika mbili, watu wakae chonjo. Yakifika nne, penye rangi nyekundu, napuliza filimbi mara tatu na mtaa mzima unabeba vitu vyake kupanda shuleni, kule mlimani.

Mshahara hakuna. Kuna gambuti za njano, koti la mvua, filimbi na daftari.

Redio aliitaka kazi hii. Redio ni jirani yetu, mke wa mwenye mashine ya kusaga. Tulimpa jina hilo kwa sababu hazimwi. Wiki nzima alikuwa anatangaza kwamba kazi ni yake, kwa kuwa yeye alifika kidato cha pili na mimi niliishia darasa la sita. Basi nikatumia akili. Bwana Maji alisema atakuja asubuhi na mapema kuchagua mtu. Alipofika alinikuta nimesimama mbele ya nguzo, Kidoti mgongoni, naikodolea macho. Akasema huyu ndiye mtu anayejua kuamka. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshuka kufua nepi. Redio alifika saa tatu, amepaka poda mpaka masikioni. Bwana Maji alikuwa amekwisha kunivalisha koti.

Daftari lina kurasa mia moja. Mto hauwezi kuzimaliza. Kwa hiyo upande wa mbele naandika mto, upande wa nyuma naandika mambo yangu. Ni dhambi karatasi nzuri kukaa bure.

Mto leo: moja na nusu.

Niandike pia kwa nini nilikuwa naitaka kazi hii, maana si gambuti peke yake. Baba Kidoti anafyatua matofali. Miaka yote amewafyatulia wengine. Sasa kwa mara ya kwanza amefyatua ya kwetu, elfu tatu, yamelala kwenye uwanja wake kando ya mto, yamefunikwa nyasi, yanakauka. Bado ni mabichi. Tofali bichi likikutana na maji linarudi kuwa tope, halikumbuki hata kama liliwahi kuwa na pembe. Likishachomwa kwenye tanuru, hapo mto ufanye utakalo. Akiyachoma salama tunajenga vyumba viwili kule mlimani. Kwa sasa tunakaa kwa mama mkwe, chumba kimoja, pazia katikati. Pazia ni fupi. Nikigeuka kitandani mama ananiambia pole.

Kwa hiyo anayehitaji kuujua mto kuliko watu wote ni mume wangu, na anayeusoma ni mimi. Mambo yamejipanga yenyewe.

Jumanne, 7 Novemba

Kuna tatizo dogo. Nguzo iko mbali.

Ni hatua mia mbili na kumi, nusu yake mteremko, na udongo ni sabuni. Gambuti ni za mwanamume mkubwa. Nimezijaza nepi, mbili kila mguu. Leo asubuhi nilishuka Kidoti mgongoni, daftari kwapani, kalamu mdomoni. Nilifika chini kabla ya miguu yangu. Kidoti akasema "tena".

Wakati wa kurudi nilipita mbele ya mashine ya kusaga. Redio alikuwa barazani anapepeta. Alinitazama kuanzia koti mpaka gambuti, tope tupu, akauliza kama leo mume wangu amenifyatua na mimi. Wateja wakacheka. Nikasema nimetoka kazini. Akasema anaona.

Jioni ni mbaya zaidi. Saa ya kusoma nguzo ndiyo saa ya Kidoti kulala, na Kidoti halali mpaka ashike sikio langu. Nikitoa sikio anaamka. Akiamka, filimbi ya nini. Kwa hiyo mto wa jioni nimeusikiliza tu kutoka dirishani. Ulisikika kama moja na nusu. Nimeandika moja na nusu.

Mama mkwe anasema haelewi nguzo ni ya kazi gani. Yeye ana jiwe lake la kufulia kule chini, lenye umbo la kobe. Amefulia juu yake miaka arobaini. Anasema maji yakimfika kobe shingoni, funga mzigo. Nikamweleza kwa heshima kwamba siku hizi mto unasomwa kwa namba. Akasema kobe hajui namba na hajawahi kukosea. Sikubishana. Mtu mzima habishiwi.

Jumatano, 8 Novemba

Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama.

Nilikuwa jikoni nakoroga sufuria kwa mkono mmoja, Kidoti kwenye mkono wa pili. Nikatazama dirishani, nikauona mto kule chini, nikawaza mteremko ule, nikachoka kabla sijaenda. Halafu wazo likaja lenyewe. Kama mimi siwezi kwenda kwenye nguzo, kwa nini nguzo isije kwangu?

Nikashuka. Nguzo ilikuwa inacheza kama jino la mtoto. Bwana Maji aliisimamisha haraka haraka, alikuwa na safari. Nikaitikisa kushoto, nikaitikisa kulia, ikatoka. Nikaiweka begani. Mama mkwe alikuwa palepale anafua. Akauliza inakwenda wapi. Nikamwambia imehamishwa kikazi. Akasema haya, serikali haichoki kuhamisha watu. Akaendelea kupiga nguo zake.

Nimeisimamisha nyuma ya jiko, karibu na mpapai, hatua kumi kutoka dirishani. Nimeishindilia na vipande vya matofali yaliyovunjika. Haitikisiki. Kwa kweli nimeisimamisha vizuri kuliko Bwana Maji mwenyewe. Sasa naisoma huku napika. Naisoma nikinyonyesha. Naisoma hata nikiwa nimeshikwa sikio.

Nimewaza kama kuna ubaya. Sikuuona. Mto ni ule ule, maji ni yale yale, nguzo ni ile ile. Kilichobadilika ni magoti yangu tu.

Jioni: sifuri. Maji yamepungua sana kwa siku moja. Mungu ni mwema.

Na kwa kuwa nguzo ipo, nimefunga kamba kutoka mpapai mpaka hapo, nikaanika nepi. Baba Kidoti alirudi jioni, akaiona, akasema hatimaye nimejipatia nguzo ya kamba. Sikumrekebisha. Mambo ya ofisi hayasemwi ovyo.

Alhamisi, 9 Novemba

Asubuhi: sifuri. Jioni: sifuri.

Redio ameanza fitina. Amechomeka mpini wa fagio mwisho wa ua wake, unaoshukia mtoni, ameuchora mistari kwa mkaa. Anawaambia watu maji yamepanda mistari mitatu tangu jana. Anasema mume wake anataka kuinua magunia yote ya unga juu ya mbao. Nikaenda na koti langu na daftari. Nikamfungulia upande wa mbele: sifuri, sifuri, sifuri. Akasoma mara mbili, yeye na kidato chake cha pili. Nikamuuliza fagio lake limesajiliwa na ofisi gani. 

Nilikwenda pia kwa mwenyekiti, kwa faida ya wote. Nikamwambia mji hauwezi kuwa na vipimo viwili, watu watachanganyikiwa. Akakubali. Akamwamuru Redio atoe fagio lake akafagilie. Akanisifu mbele za watu, kwamba tangu huyu binti aushike mto, mto umekuwa na adabu. Nilivimba kichwa kidogo. Niandike ukweli, nilivimba sana. Magunia yakabaki chini.

Mama mkwe amefunga mzigo. Upo mlangoni: blanketi, sufuria, picha ya marehemu baba mkwe. Anasema kobe amebaki kichwa. Nikamwambia taratibu, mama, ofisi inasema sifuri. Akasema niipe ofisi salamu zake.

Baba Kidoti naye alirudi na wasiwasi. Maji yameingia kwenye majani kando ya uwanja wake. Alikuwa anafikiri kesho aombe watu wamsaidie kuyapandisha matofali yote mpaka barabarani, kule juu. Ni kazi ya siku nzima, na tofali bichi ukilibeba mara mbili linavunjika. Akaniuliza mto unasomaje. Nikamwambia sifuri.

"Sifuri kabisa?"

Nikamwonyesha daftari. Akalishika kwa mikono miwili, maana mikono yake ilikuwa na udongo na hakutaka kulichafua. Akapumua. Akasema basi yale yatakuwa madimbwi ya mvua tu. Hatayabeba. Kesho anapanga tanuru palepale chini, Jumapili anawasha moto.

Alifurahi mpaka akachukua kipande cha mkaa akachora nyumba sakafuni. Hapa mlango, hapa dirisha, hapa chumba cha Kidoti. Kidoti akaenda akakaa katikati ya chumba chake, akakataa kutoka. Tukala tumemzunguka. Mama mkwe akauliza, bila kuinua macho, chumba chake yeye kiko wapi. Baba Kidoti akachora cha tatu. Ni kidogo lakini kina dirisha.

Nitakuwa na mlango wangu mwenyewe. Nitaufungua na kuufunga bila sababu.

Ijumaa, 10 Novemba

Asubuhi: sifuri.

Kwetu jua linawaka. Lakini huko mto unakotoka, mbingu ni nyeusi kama tako la sufuria. Bwana Maji amempigia simu mwenyekiti. Nguzo ya mji wa juu inasoma nne na inapanda. Mwenyekiti alikuja mbio mpaka mlango wa mbele, anahema, akataka nisome sasa hivi. Nikamwambia asubiri. Nikaenda jikoni, nikatazama dirishani, nikarudi. Sifuri. Akashangaa jinsi ninavyofika mtoni upesi. Nikamwambia ni mazoezi.

Bwana Maji haamini. Anasema anakuja mwenyewe.

Saa saba. Bata wa jirani wanaogelea pale nilipopanda mboga. Wanaonekana wenye furaha. Nguzo inasema sifuri, na mimi siandiki nisichokisoma.

Saa nane. Mama mkwe amejitwika mzigo wake akatoka. Ameniita mara mbili. Nimemjibu kwamba natoka nikipata namba. Akataka kumchukua Kidoti, Kidoti akalishika sikio langu kwa mikono miwili. Mama akasema basi, atanisubiri barabarani, lakini hatanisubiri sana.

Saa tisa kasoro: MOJA! Hatimaye namba. Kidoti nami tumeshangilia. Nimesogea dirishani niione vizuri. Nyuma ya nguzo hakuna mteremko tena.

Jumamosi, 11 Novemba

Naandika nyuma ya karatasi ya mtihani wa hesabu wa darasa la nne. Mwenye karatasi alipata sita kati ya hamsini. Simcheki. Daftari analo Bwana Maji, nitaeleza.

Tuko shuleni. Watu wote wako salama, tuanzie hapo. Kuku wako salama. Bata hawakuwahi kuwa na shida.

Jana nilipoona mto umekuja mpaka jikoni nilichukua filimbi nikapuliza kwa nguvu zote. Ikasema fyuu. Nikapuliza tena. Ile sukari ya Jumatatu ilikuwa imeganda, kipira cha ndani kimenata, wakatoka sisimizi watatu. Nikachukua sufuria na mwiko, nikamfunga Kidoti mgongoni, nikatoka nikigonga. Hakukuwa na wa kumgongea. Mtaa ulikuwa mtupu.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe alisimama katikati ya barabara, mzigo kichwani, akasema kobe amezama.  Watu wakamtazama, wakatazama mto, wakaingia ndani wakabeba vyao wakamfuata. Hata mwenyekiti, na kiti chake. Mimi wakati huo nilikuwa jikoni nasoma namba. Nilipofika juu ya barabara nikamkuta mama bado amesimama peke yake, ananisubiri.  Akanyoosha mikono nikampa Kidoti.

Kisha nikakimbilia uwanja wa matofali.

Baba Kidoti alikuwa amepanga nusu ya tanuru. Maji yalikuwa magotini. Alikuwa anabeba matofali manne manne kifuani, kama mtu anayebeba watoto, anapanda nayo mpaka barabarani, anarudi. Nikaanza kubeba na mimi. Watu wakatuona kutoka mlimani, wakashuka. Wakajipanga mstari, tofali likawa linapita mkono kwa mkono. Aliyekuwa mbele yangu ni Redio. Alinipokeza kila tofali bila kunitazama. Magunia kumi ya unga wake yalikuwa chini, kama nilivyoshauri. Watu wanasema maji yamezidi unga, wanacheka. Redio hacheki, na mimi siwezi kuanza.

Tuliokoa mia tisa. Mengine tuliyatazama. Hayaanguki kwa kishindo, nilidhani yataanguka. Yanalainika. Pembe zinaondoka kwanza, halafu yanakaa chini, kama mtu aliyetembea sana. Tanuru zima lilikaa chini hivyo, polepole, mbele ya mwenyewe.

Leo asubuhi Bwana Maji ameingia darasani. Ameuliza nguzo iko wapi, maana amekwenda kwa mtumbwi mahali alipoisimamisha na hakuna hata ncha. Watu wote wakanigeukia.  Nikampa daftari tu, mambo yote yamo humo. Nilikuwa nafikiria namba za mbele. Lakini mbele kulikuwa kumelowa, kurasa zimegandana. Akalifungua kwa nyuma.

Akaanza kusoma kimya kimya. Midomo ikaanza kumcheza. Redio akasema kama ni jambo la ofisi basi lisomwe kwa sauti, sote ni wananchi. Akasoma kwa sauti. Chai iliyopiga mluzi, watu wakacheka. Poda ya masikioni, wakacheka, Redio akajishika masikio. Gambuti zenye nepi, mwenyekiti akafuta machozi. Bwana Maji akafungua ukurasa wa Jumatano. Hapo hakuna aliyecheka. Mto ni ule ule, maji ni yale yale. Kwa sauti ya mtu mwingine hayakuwa maneno mazuri.

Baba Kidoti alikuwa amekaa kwenye dawati la mtoto, magoti kifuani.

"Ile nguzo ya nepi ndiyo hiyo?"

Nikasema ndiyo.

"Na ile sifuri niliyokuuliza?"

Nikasema ndiyo hiyo.

Akasimama. Dawati likainuka naye kidogo, akalishusha taratibu, akatoka. Ilikuwa saa nne. Sasa ni saa tisa na hajarudi. Kidoti amelala, amenishika sikio. Mama mkwe amekaa pembeni yangu anachambua uzi kwenye blanketi. Amesema mwanawe akiumia hutembea, baba yake naye alikuwa hivyo, na viatu vilikuwa vinaisha sana nyumba ile.

Redio amekuja. Nilijua anakuja kunitukana, nikajikaza. Akanipa nguo kavu ya Kidoti. Akasema poda aliipaka mpaka shingoni tu, si masikioni, kwa hiyo nirekebishe. Narekebisha: shingoni.

Jumatatu, 13 Novemba

Maji yameondoka. Kila ukuta mtaani una mstari wa kahawia, wote kimo kimoja, kama vile fundi mmoja amepita na kamba. Kwetu umepita juu kidogo ya kitanda. Ile nyumba ya mkaa sakafuni imefutika, hata chumba cha mama.

Baba Kidoti alirudi Jumamosi jioni, tope mpaka kwenye nywele. Alikula, akalala. Jana alikoroga chai yake muda mrefu kuliko sukari ilivyohitaji. Leo asubuhi akaniambia twende uwanjani. Nikaenda nyuma yake. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha. Yalikuwa mazuri, mengine nilikuwa nimeyasikia kwenye harusi.

Uwanjani palikuwa na kilima chekundu, laini, kinang'aa. Hakuna tofali hata moja linalotambulika. Alisimama. Mimi nikasimama. Kisha akainama akachukua donge, akalikanda kwa kidole gumba, akalinusa, akalikanda tena.

"Udongo haujaenda mbali," akasema.

Akaanza kutafuta kalibu yake ya kufyatulia kwenye majani. Yale maneno ya harusi yakanipotea yote. Nikamwambia nisamehe, basi, neno moja tu. Akasema nilete maji, lakini si mengi. Ilichukua muda mpaka tukacheka. Yeye alianza.

Mchana Bwana Maji amerudisha nguzo mahali pake. Safari hii kwa zege. Alikuwa ananitazama mimi muda wote zege lilipokuwa linamiminwa. Halafu akatangaza msoma mto mpya. Redio alikuwa amewahi mapema sana, bila poda kabisa. Lakini kazi amepewa mama mkwe, kwa kuwa ndiye mtu pekee ambaye mtaa mzima ulimfuata.

Mama hakufurahi wala hakukataa. Gambuti alizikataa, akasema ni miguu ya bata. Filimbi aliikataa, akasema ameshaionja. Daftari akasema hajui kusoma wala kuandika, lakini mkwe wake anajua, ataandika yeye. Bwana Maji akalikagua zege lake. Mwenyekiti akakohoa. Redio, niseme haki, ndiye aliyesema kwamba mwandiko wangu angalau unasomeka, kila mtu aliusikia.

Basi nimerudishiwa daftari lile lile. Limekauka, limevimba kama andazi. Bwana Maji amechora mstari mwekundu kwenye jalada la nyuma, akasema kurasa za nyuma zisiandikwe tena. Nimemwahidi mbele ya mashahidi.

Nimetii. Hapa ninapoandika ni katikati.

Ijumaa, 17 Novemba

Kidoti amekanyaga tofali bichi. Unyayo mzima, vidole vitano, kimoja kimepinda kama cha baba yake. Baba Kidoti alichukua maji alipake lirudi sawa, akalitazama, akayamwaga maji. Ameliweka peke yake chini ya nyasi. Anasema litakaa juu ya mlango. Mlango wangu.

Tumefyatua mia nne tangu Jumatatu. Na mimi nafyatua. Yangu yana matumbo kidogo, atayaweka upande wa ndani. Safari hii yanakaushwa kule juu barabarani, na wapita njia wote wanatoa ushauri.

Mto: mama anasema kobe yuko mgongo wazi. Nimeandika hivyo hivyo, na namba ya nguzo pembeni, moja.

Nimejifunza kuwa makini. Nguzo siigusi. Hata ningetaka, ni zege. Kuna jambo moja tu. Mama ni mtu mzima na magoti yanamuuma. Kila asubuhi na kila jioni anashuka mteremko ule kumtazama kobe, halafu anapanda kuja kuniambia niandike. Jana alipumzika mara tatu njiani. Inaniuma. Ameuokoa mtaa mzima, na hakuna anayeyafikiria magoti yake. Nimeyafikiria mimi.

Lile jiwe si kubwa kiasi hicho. Nimelipima kwa mikono. Mkokoteni wa mashine ya kusaga hauna kazi siku hizi, na Redio amekubali kusukuma upande mmoja, mradi niandike kwamba amekubali kwa hiari yake. Amekubali kwa hiari yake. Tutalileta mpaka nyuma ya jiko, palepale ilipokuwa nguzo, shimo lipo tayari. Mama atafua kwenye kivuli cha mpapai na atamwona kobe wake kila saa bila kushuka hata hatua moja. Sijamwambia, nataka ashtuke kwa furaha. Kamba nimeshaifunga tangu alfajiri.

Nimewaza kama kuna ubaya. Sijauona.

Mama huyo, ananiita kutoka mtoni. Anauliza ni nani aliyemfunga kobe wake kamba shingoni. Ngoja nishuke nimweleze taratibu kwamba mto ni ule ule, maji ni yale yale, na jiwe